Kalori Kwenye Sinia la Watu Wanne

Juzi mjukuu wangu Neema kaja likizo hapa Mbinga, na siku ya kwanza tu, nimetenga chakula, tumesali, yeye katoa simu kapiga picha ugali wangu. Nikadhani anamtumia mchumba aone anavyolishwa kwa bibi. Kumbe simu ndiyo inayomhesabia kalori. Ikafikiri weee, ikamwambia hiyo ni keki. Nilicheka mpaka nikatoka nje kufuta machozi.

"Bibi, usinicheke," akasema. "Basi niambie wewe uliyefanya kazi ya lishe maisha yako yote. Tonge moja lina kalori ngapi?"

"Tonge la nani?" nikamuuliza.

Alidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo, na ndiyo sababu nimekaa kuyaeleza haya, kwake yeye na kwenu nyote mnaosomea uuguzi na lishe, mnaokuja kunisalimia mkiniuliza kama watu wahesabu kalori au wasihesabu. Jibu langu silifichi. Hesabu kidogo, ujifunze chakula chako kina nini, kisha weka namba pembeni uangalie sinia zima na watu waliolizunguka. Lakini nikiwapa jibu tupu mtakwenda nalo vijijini mkaharibu nyumba za watu, kama sisi tulivyokaribia kumharibia Mzee Gaspari wa Kihagara. Kidogo tu tumkoseshe mguu na ndugu yake kwa mpigo mmoja.

Nitafika kwa Gaspari. Kwanza tonge.

Mimi ni mtoto wa milimani huku, wa baridi, maharage na kahawa. Serikali ikanipeleka kufanya kazi chini, mwambao wa Nyasa, kituo cha afya, na nikiwa kijana nikapewa kliniki ya sukari. Siku hizo kalori nilikuwa nazisikia darasani tu. Nikajitungia kipimo changu: kila mgonjwa nikampa idadi ya matonge ya ugali kwa mlo, asivuke hapo. Nilijiona mjanja sana. Basi akaja mvuvi mmoja, mwili jumba, sukari haishuki. Nikamfokea. Akaniapia kwa jina la Mama Maria kwamba matonge hajazidisha hata moja. Nikamletea ugali wangu wa mchana, nikamwambia nionyeshe. Jamani! Yule baba alimega, akafinyanga, akageuza, akafinyanga tena kwa utulivu kabisa, na tonge lililotoka mkononi mwake lilikuwa kubwa kama embe dodo. Matonge mawili, bakuli langu likabaki jeupe.

"Nesi, wewe ulisema idadi," akaniambia huku analamba vidole. "Ukubwa hukusema."

Chakula changu kilikuwa kimekwenda. Tangu siku hiyo sijawahi kumpa mtu hesabu bila kuuangalia kwanza mkono wake.

Aliyenifundisha kuangalia alikuwa mtawa mzee, Sista Agata, nesi wa zamani aliyekuwa akikaa kwenye kona ya chumba chetu cha kliniki akikunja pamba. Usingejua kama anasikiliza. Asubuhi moja akaja mama mmoja wa Ngumbo, nikampima sukari, ikawa juu sana. Nikamuuliza, "Mama, umekula nini leo?" Akasema, "Sijala, Nesi." Tangu jana? "Tangu jana mchana sijala." Nikaigeuzageuza ile mashine nikiamini imekufa. Kutoka konani, bila kuinua kichwa, Sista Agata akasema, "Muulize ametia nini mdomoni."

Loo! Chai ya sukari asubuhi, sukari ya kujaza kijiko kweli kweli. Muhogo wa kuchemsha. Maandazi njiani. Ndizi mbivu za jirani. Togwa kwa shangazi yake, maana huwezi kupita kwa shangazi ukakataa togwa. Na yule mama hakuwa mwongo! Kwetu kula ni kula ugali. Usipougusa ugali hujala, hata kama taya zako zimefanya kazi kutwa nzima. Sista Agata akaniambia baadaye, "Blandina, usiulize watu wamekula nini. Ufuate mkono, tangu ulipokwenda mdomoni mara ya kwanza alfajiri, uufuate mpaka wanalala." Hicho ndicho chuo nilichosoma mimi.

Sasa Gaspari.

Mzee Gaspari alikuwa fundi wa mitumbwi na maboti pale Kihagara. Mtu wa maneno mengi, mcheshi, na akila anasimulia, na akisimulia anakula. Sukari ilipomshika alikuja kliniki kwa adabu zote, dawa akanywa. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshakuwa mkongwe pale kituoni, na tulikuwa tumeletewa afisa lishe mpya, Bwana Ramadhani, kijana wa Kondoa. Msiniulize kama alikuwa mzuri, alikuwa mzuri. Mpole, anajua kazi, hadharau mtu. Yeye ndiye aliyeleta kalori mwambao, pamoja na kamizani kadogo ka jikoni alikokanunua mwenyewe.

Ramadhani alianza kwa kumwambia Gaspari apunguze ugali, aongeze mboga. Gaspari akaitikia, akaenda. Aliporudi alikuwa ameongezeka uzito. Ramadhani akashangaa. "Mzee, mboga umeongeza?"

"Nimeongeza, Dokta! Nimeongeza sana. Mpaka Mama Tekla analalamika, mafuta yanaisha."

"Mafuta ya nini?"

"Ya kukaangia. Samaki mbasa mkubwa wa kukaanga siwezi kula bila mafuta."

Nililazimika kutoka nje. Mboga, wanangu, mezani kwetu ni chochote kinachoshusha ugali: samaki ni mboga, nyama ni mboga, dagaa ni mboga. Ramadhani alikuwa akimaanisha matembele. Hata kwao Kondoa mboga ni hivyo hivyo, ila siku hiyo alizungumza kama kitabu. Alicheka mwenyewe mpaka akashika meza. Tangu hapo akawa anasema "mboga za majani" kwa kukazia majani, na ninyi msisahau kukazia.

Baada ya hapo ndipo akamfundisha kalori. Na nitasema haki: zilimfaa. Gaspari alikuwa fundi, vipimo anavipenda. Akasema ni kama mafuta ya injini ya boti, ujue safari ni ya wapi, ujaze kiasi chake. Akapewa kale kamizani. Akapima ugali, akapima samaki, akajifunza kwamba kijiko cha mafuta kina mambo kuliko alivyodhani, na kwamba chai yake ya asubuhi ilikuwa karibu mlo mzima. Sukari ikashuka. Tukafurahi, tukamtangaza kwa wenzake kliniki wamuige.

Halafu akaacha kuja.

Tukangoja, kimya. Nikapanda pikipiki kwenda Kihagara nikiwa nimejiandaa kumsema. Nilimkuta amekaa barazani, mguu wa kulia umefungwa kitambaa cha khanga, na harufu yake niliisikia kabla sijasema hodi. Mimi nimekuwa nesi siku nyingi. Nikajua ni kidonda.

"Marahaba, Nesi," akasema, hata sijamwamkia, kujifanya mzaha. Macho hayakucheka.

Mkewe, Mama Tekla, ndiye aliyenieleza, jikoni, tukichambua dagaa. Ile nyumba wanaume walikula sinia moja, tangu enzi za baba yao: Gaspari, mdogo wake Yohana anayekaa ng'ambo ya uwanja, na vijana wawili wakubwa wa Gaspari. Wanne, sinia moja. Sasa utapima vipi chakula cha mtu mmoja kwenye sinia la watu wanne? Huwezi. Kwa hiyo Gaspari alimwambia mkewe ampakulie sahani ya peke yake. Akawa anakaa pale pale na wenzake, lakini ana sahani yake na kamizani kake.

Mwambao wanajua sahani ya peke yake maana yake. Ni ya mtu mwenye kifua kikuu, anayetengwa asiwaambukize wengine. Au ni ya mtu anayewaogopa wenzake, anayehisi atawekewa kitu. Hakuna ya tatu. Siku za kwanza Yohana alisema moyoni kaka anaumwa. Ikaja siku mke wa Yohana, kama kawaida yake, akaleta bakuli la kisamvu la kuongezea sinia. Kisamvu cha yule mama kinasifika mpaka Mbamba Bay. Kikamfikia Gaspari. Gaspari akakiangalia, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti yake ile kubwa:

"Hiki sili. Sijui kina nini ndani."

Mungu wangu. Yeye alimaanisha kalori! Alimaanisha hajui karanga ngapi, nazi kiasi gani, hajapima. Lakini wewe jiweke mahali pa Yohana. Kaka yako mkubwa ametenga sahani, halafu chakula cha mkeo anakisukuma mbele ya watoto na kusema hajui kina nini ndani.

Yohana alinawa, akaondoka, hakurudi kwenye lile sinia. Mkewe akaacha kuleta kitu. Gaspari alipoelewa alichosema, naye akapanda kiburi: aombe radhi ya nini, yeye anatibiwa! Wawili hao walikuwa wakisaidiana kazi tangu utoto. Sasa fundi akabaki peke yake na boti la kupindua. Akajaribu kulipindua mwenyewe, msumari ukamwingia unyayoni. Na kwa hasira akatupa kamizani, akarudi kula sinia na vijana wake, akawa anakula kuliko alivyokula kabla hajaumwa. Jeraha la mtu wa sukari anayekula hivyo mnajua linavyokwenda.

Nikatoka jikoni. Nikamwambia, "Mzee Gaspari, huu mguu unaoza."

"Najua."

"Utakatwa."

"Ukatwe." Akaangalia ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba ya mdogo wake. "Nesi, mlinipa sahani yangu. Nimekula peke yangu kama mgeni kwenye nyumba niliyojenga mwenyewe. Mdogo wangu haniamkii. Bora mguu uende nibaki na ndugu. Sasa mguu unakwenda, na ndugu ameshakwenda."

Na akalia, mtu mzima yule. Mimi nina hasira za karibu, mtu yeyote wa kituoni atawaambia. Nilimfokea pale barazani kwamba hakuna mguu unaokwenda popote wala ndugu anayekwenda popote, na anyanyuke twende. Nilimfokea kwa sababu nilitaka kulia na mimi.

Kituoni jeraha likasafishwa, akalazwa, dawa zikaanza. Daktari akamwambia waziwazi: sukari isiposhuka na kukaa chini, tunakata. Gaspari akasema dawa atameza, sindano atachomwa, lakini sahani ya peke yake hataki kuiona tena mpaka kaburini. Ramadhani aliumia sana. Tulikaa kwenye benchi la nje, akaniambia, "Mama, zile namba zilikuwa sahihi."

"Zilikuwa sahihi, mwanangu," nikamjibu. "Tatizo tulimpimia kama vile anakula peke yake."

Akainuka kwenye benchi. Kisha akasema, "Basi twende tukapime sinia."

Tulianza kwa Yohana. Mkewe alitupokea vizuri, viti vikafutwa, lakini uso umefunga. Nilipomtaja Gaspari akalipuka. "Mimi leo nimekuwa mchawi, Nesi? Kwa kisamvu? Nimeolewa hapa binti mdogo, nimewapikia miaka yote hii!" Nikajieleza kuhusu kalori, nikaona maneno yanadondoka chini tu. Yohana amekaa anaangalia mikono yake. Hapo Ramadhani akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akamuuliza yule mama kwa adabu, "Shikamoo tena, mama. Hicho kisamvu kipo leo?"

Kilikuwepo. Akaletewa. Akala bakuli lote mbele yetu, tena kwa uchu, akaomba kingine. Huku anakula anauliza: mama umetwanga karanga kiasi gani? Nazi umeweka? Mafuta? Na yeye anamjibu, kwanza kwa ubishi, baadaye kwa maringo, maana mpishi gani hapendi kuulizwa. Mwishoni Ramadhani akasema, "Hivi ndivyo tulivyotakiwa kumfundisha Mzee Gaspari kuuliza. Tulimfundisha nusu. Tulimfundisha kutokujua, hatukumfundisha kuuliza." Akaweka mkono kifuani. "Kosa ni letu sisi wa kituoni. Tusameheni."

Yohana hakusema tumesamehe. Alisema, "Nitafikiri." Kwa mwanamume wa mwambao aliyeudhika, hayo ni maneno mengi.

Kisha tukakaa na Mama Tekla. Sahani haitengwi, sinia linabaki moja, basi linabadilika sinia lenyewe. Ugali ukasogezwa upande, usikae tena katikati kama mlima. Nusu ya sinia ikawa majani: matembele, majani ya maboga, kisamvu. Samaki wa kuchoma au mchuzi wa nyanya, wa kukaanga angoje sikukuu. Wote wanne wale hicho hicho. Wale vijana walinuna, lakini hakuna aliyekufa kwa matembele. Chai ya asubuhi ikapunguzwa sukari polepole, kidogo kidogo, mpaka ulimi ukazoea.

Ikabaki kitu kimoja. Gaspari akisimulia mkono hausimami. Angekula mpaka hadithi iishe, na hadithi zake haziishi. Nikawa nakuna kichwa. Mama Tekla, anapembua mchele, akasema kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Marehemu baba mkwe alikuwa ananawa wa kwanza."

"Vipi?"

"Mkubwa akishakula kiasi, ananawa. Wadogo ndio wanamalizia. Aliona ni aibu mkubwa kufuta sinia pamoja na watoto. Huyu wangu ndiye aliyeacha, kwa sababu ya mdomo."

Niliinuka nikamkumbatia, mchele ukamwagika. Kipimo tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa kwenye birika la kunawia.

Neema, najua unasoma hapa ukisema bibi ananikwepa. Sikukwepi. Hesabu kalori zako wiki mbili tatu, uone soda ina nini, maandazi yana nini, mafuta yana nini. Utashangaa, na mshangao huo utakusaidia. Wapo wanaojichoma insulini. Hao hesabu ya wanga wanaihitaji kila mlo, na wafundishwe kliniki, wasifundishwe na simu inayoona keki kwenye ugali. Ila ukiona umeanza kukataa harusi, ukiona umempa mama yako sufuria lake na wewe la kwako, ukiona huwezi kupokea tonge la mtu mpaka ulipige picha, acha. Funga hiyo simu. Jaza majani nusu ya sahani, tembea, lala mapema, na ule na watu watakaokuona ukizidisha.

Maana Gaspari, simu isingemfaa kitu.

Alitoka kituoni anachechemea. Nilikuwa nashuka Kihagara kumbadilishia bendeji, na kila nilipofika niliangalia mambo mawili: kidonda na sinia. Kidonda kilikuwa kinafunga. Sinia lilikuwa na watu watatu. Gaspari alinawa mapema kama baba yake, siku nyingine akikumbuka, siku nyingine asikumbuke. Na mahali pa Yohana pale mkekani hakuna aliyepakalia.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwa ajili ya ule mguu, sikuwa na bendeji ya kubadili tena. Ilikuwa mchana, wametenga. Gaspari amekaa mkekani kanyoosha miguu yake yote miwili, ana hadithi ya boti la mtu mmoja wa Liuli. Nikamwona Yohana anakatiza uwanja. Mkono mmoja kabeba bakuli, mwingine birika. Vijana wakaacha kutafuna. Mama Tekla akasimama mlangoni na mwiko.

Yohana akakaa mahali pake. Akaliweka bakuli mbele ya kaka yake, kisamvu, kimejaa mpaka ukingoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kisamvu cha shemeji yako hicho. Unajua kina nini ndani?"

Gaspari aliliangalia lile bakuli. Akamega tonge, dogo, nililiona kwa macho yangu mwenyewe, akalitumbukiza, akala.

"Sijui," akasema.

Wakala. Hadithi ya boti la Liuli ikaendelea kutoka pale ilipokatikia, na Gaspari akanogewa, mkono unakwenda sinia na kurudi, sinia na kurudi. Yohana alikuwa anacheka hadithi, lakini jicho liko kwenye ule mkono. Kisha akainua birika.

"Kaka," akasema, "nawa."

Gaspari akauangalia ugali uliobaki. Akamwangalia mdogo wake. Akanuna kama mtoto, kisha akanyoosha mikono.